Mama mkwe ananisogezea finyango, na mimi tumbo limekatwa

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, maana nyumba hii ukikohoa tu unaulizwa. Nina miaka 38, nina mume na watoto wawili, tunaishi Tabata pamoja na mama mkwe wangu aliyehamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Kwa miaka mingi nilikuwa mnene kupindukia. Nilifika kilo 131, nikawa na presha ya kupanda, na magoti yakawa yananiuma hadi ngazi za ofisini zikawa mtihani. Nilijinyima, nilikunywa maji ya ndimu, nilinunua dawa za mitishamba Kariakoo, nilitembea ufukweni Coco kila Jumamosi. Nikipungua kidogo, narudi, tena nazidi. Mwishowe daktari akatushauri upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Mume wangu akaridhia, tukachukua mkopo, wakanitoa karibu robo tatu ya mfuko.

Sasa ni mwezi wa tano tangu upasuaji. Nimeshuka hadi kilo 102, magoti yamepoa, nalala usiku kucha. Kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini Shangazi, kula kumenishinda.

Habari hii anaijua mume wangu peke yake. Alisema tuifiche kwa sababu mdogo wake yuko chuo na ada inachangwa na ukoo mzima. Mama akisikia tumetoa mamilioni ili mkwewe akatwe tumbo, patachimbika. Tuliaga kwamba nina semina Dodoma. Kwa hiyo hapa nyumbani mimi ni mtu aliyeanza kukonda ghafla na kususa chakula.

Mama mkwe ni mtu mwema, sina neno baya juu yake. Ndiye anayepika, na furaha yake ni kuona watu wameshiba. Tunakula kwenye sinia, wanawake na watoto pamoja. Nikitoa mkono mapema, ananitazama. Ijumaa iliyopita tulikuwa na wageni kutoka Mbagala, kukapikwa pilau. Mama akachagua finyango kubwa la nyama akalisogeza upande wangu: "Kula mwanangu, unakwisha." Watu wote wakageuka. Nikalitafuna haraka haraka nikameza ili waache kunitazama. Haikuchukua muda nikahisi kitu kimekwama hapa kwenye chembe ya moyo, kwikwi zikaanza, kamasi zikanitoka, mate yakajaa mdomoni. Nikakimbilia chooni, nikafungulia bomba wasisikie. Wifi yangu alisikia. Usiku huohuo akampigia kaka yake simu kuuliza kama nina mimba au nina ngoma.

Natapika karibu kila siku. Ugali haupiti, chapati haipiti, nyama ndiyo kabisa. Kinachopita bila matata ni soda, aiskrimu, juisi ya miwa na biskuti za kuchovya kwenye chai, basi nikiwa ofisini ndivyo vinavyoniweka. Nywele zinatoka kwa mafungu. Juzi nimesimama ndani ya mwendokasi macho yakaingia giza, nikadakwa na abiria. Dawa zangu za presha naendelea nazo kama zamani. Kliniki sijarudi tangu mwezi wa pili, kwa sababu ruhusa kazini ni ngumu, na kwa sababu naogopa kugombezwa.

Jambo linaloniumiza zaidi naona hata aibu kulisema. Nilikuwa napenda kula. Mimi na mume wangu starehe yetu ilikuwa chipsi mayai za Sinza, Jumamosi usiku, tumekaa kwenye viti vya plastiki tunapiga soga. Sasa tunakwenda, yeye anakula, mimi namtazama, na mazungumzo hayaji.

Mwezi ujao shemeji yangu anaoa, shughuli iko Mbagala, na baada ya hapo ni Ramadhani. Shangazi, nitakuja kula kama watu? Na huyu mama nimwambie nini?

Mama Wawili, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Kabla sijafika kwa mama mkwe na kwenye harusi, naanza na kutapika, maana hilo halisubiri mwezi ujao. Kutapika siku mojamoja kwa sababu umekula haraka au umezidisha ni jambo linalowapata wengi waliofanyiwa upasuaji huu. Kutapika karibu kila siku katika mwezi wa tano si kawaida, na usikubali mtu akwambie utazoea. Huenda ni namna unavyokula, na kwa ulivyoeleza lile finyango, naona sababu za kutosha hapo. Lakini pia huenda ule mrija wa tumbo uliobaki baada ya kukatwa umebana au umejipinda wakati wa kupona. Hilo daktari hulitazama kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na likigundulika lina tiba. Wewe mwenyewe huwezi kulijua ukiwa chooni umefungulia bomba.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Mwili hauna ghala kubwa la vitamini B1. Akiba yake ni ya wiki chache tu. Mtu anayekula kidogo na kutapika mfululizo humaliza akiba hiyo, na ikiisha, mishipa ya fahamu na ubongo huanza kudhurika. Ukiona miguu inakufa ganzi au inawaka moto, unayumba ukitembea, unaona vitu viwiliviwili, au unachanganyikiwa na kusahau mambo ya jana, usingoje miadi ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukifika useme mwenyewe, au mumeo aseme: "Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula na nimekuwa nikitapika." Hapa kwetu mgonjwa akifika amelegea, haraka hutundikiwa dripu ya glukosi. Kwa mtu aliyeishiwa B1, glukosi ikitangulia peke yake inaweza kuongeza madhara. B1 inapaswa kuingia kwanza au pamoja nayo. Daktari analijua hilo, ila hawezi kulifikiria kama umemficha kwamba ulipasuliwa. Siri mliyoiweka kwa ajili ya mama mkwe inaweza kukufuata hadi kwenye kitanda cha hospitali.

Na kile kizunguzungu cha kwenye mwendokasi, umenieleza mwenyewe sababu zake bila kujua. Umepungua kilo 29 na bado unameza dawa za presha kwa kipimo cha mtu wa kilo 131. Presha hushuka uzito unaposhuka, na dawa iliyokuwa ikikufaa sasa inaweza kukuangusha. Ongeza joto la Dar es Salaam na maji unayoyatapika. Usiache dawa kwa uamuzi wako, lakini wiki hii pita kituo cha afya kilicho karibu wakupime presha, uandike namba, uende nazo kwa daktari wako akaangalie upya kipimo.

Sasa tuje kwenye sahani.

Kilichobaki tumboni mwako ni mrija mwembamba kama ndizi. Mwanzoni mrija huo hubeba mililita 100 hadi 150, yaani kikombe cha chai hakijai. Kwa miezi hulegea kidogo, lakini hautarudi kuwa mfuko uliozaliwa nao. Ile sehemu waliyoitoa ndiyo pia iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ndiyo maana kuna siku hadi saa tisa alasiri hujasikia njaa. Wengi hupata utulivu huo wa njaa kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kisha njaa hurudi kwa kiasi fulani. Muda huu ulio nao ndio wa kujenga mazoea mapya, na soda na juisi ya miwa vinaula muda huo.

Sikulaumu kwa kuvinywa. Vinapita kwa sababu havihitaji kutafunwa, vinateleza kwenye mrija bila kuujaza. Ndivyo aiskrimu na biskuti iliyolowekwa kwenye chai zinavyofanya. Mtu anaweza kunywa sukari ya siku nzima na mrija usimwambie kitu, huku misuli na nywele zikikosa protini. Sukari nyingi ikimiminika kwenye utumbo kwa mkupuo, wengine hupata mapigo ya moyo ya kasi, jasho, tumbo kukata na kuharisha, dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Wengine hulegea na kutetemeka saa moja hadi tatu baadaye kwa sababu sukari ya damu imeporomoka. Kumbuka vizuri kabla ya macho kuingia giza ulikuwa umekunywa nini, umwambie daktari. Soda pia ina gesi, na gesi ndani ya mrija mdogo ni maumivu ya bure.

Unachotafuta kila siku ni protini, gramu 60 kwenda 80 kwa wanawake wengi waliofanyiwa hivyo, au kama mtaalamu wa lishe wa kliniki yako atakavyopanga. Namba hiyo inatisha mtu anayekula vijiko vichache, lakini itazame kwa vyakula vya hapahapa. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha mtindi kama 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 bila mifupa kinafika 20. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva ni 7 au 8. Ukila yai saa moja asubuhi, ukanywa mtindi taratibu saa nne, samaki mchana, maziwa au maharage yaliyopondwa saa kumi, na usiku kuku laini wa ukubwa wa nusu ya kiganja, umefika au umekaribia sana. Kuna dagaa pia, ambao tunawadharau kwa kuwa ni wa bei nafuu. Waoshe vizuri mchanga utoke, wachemshe na nyanya hadi walainike, au wasage uchanganye kwenye mchuzi. Wana protini, na mifupa yao ina kalsiamu.

Samaki ndiye rafiki yako mkubwa kwa sasa, na bahati yako unaishi mji wenye soko la Feri. Changu wa kuchemsha na ndimu, nyanya na kitunguu, nyama yake inaachia kwa kidole. Nyama ya ng'ombe ya pilau, mishkaki na kuku wa kienyeji mgumu viache kwanza. Nyuzi zake hujifunga pamoja na kukwama palepale ulipoonyesha, kwenye chembe ya moyo. Ukiitamani sana nyama, ipate ya kusaga, ipikwe na mchuzi isiwe kavu. Tui la nazi liwe jepesi, maana mafuta mengi nayo husumbua.

Kuhusu ugali, najua unachoniuliza. Kwa mtu wa Bara na wa Pwani pia, kuambiwa hutakula ugali ni kama kuambiwa uhame nchi. Hakuna aliyekuambia hivyo. Ugali, chapati, mkate laini na wali ulioshikana huvimba na kufanya bonge kwenye mrija, kwa hiyo kwa wengi ndivyo vya mwisho kurudi. Vitarudi kwa kiasi chake. Siku utakayoujaribu, na iwe baada ya daktari kujua kwa nini unatapika, anza na samaki na mboga, kisha ugali laini, tonge la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, uliloweke kwenye mchuzi. Ukipita, shukuru, usiongeze matonge matano kwa furaha.

Namna ya kula ina uzito sawa na kinachokuliwa. Tumia kijiko cha chai na kisosa cha kikombe badala ya sahani. Tafuna hadi chakula kiwe uji mdomoni, weka kijiko chini, ndipo uchukue kingine. Mlo uchukue kama dakika 20 au 30, zikiisha acha hata kama kimebaki. Maji na chakula visikutane: usinywe wakati wa kula, na baada ya kula subiri nusu saa. Kisha unywe kwa mafundo madogo mchana kutwa, chupa iwe mkononi kwenye daladala, mezani ofisini, kitandani, ili ifike lita moja na nusu, na kwa joto hili hata zaidi. Na ule mwili wako ulikuonya mapema siku ya pilau. Kwikwi, kamasi, mate kujaa, kifua kubana: hiyo ndiyo lugha mpya ya shibe yako. Wengine hupiga chafya. Ishara ya kwanza ikija, kijiko kimoja zaidi ni kingi.

Sasa mama mkwe. Msimamo wangu ni huu, na mumeo naomba asome hapa: mwambieni.

Hoja ya ada nimeielewa, na si ya kipuuzi. Fedha za ukoo zina macho mengi. Lakini mkopo ni wenu, mnaulipa kwa mishahara yenu, na uliuchukua ukiwa mgonjwa wa presha. Hebu pimeni kinachotokea sasa. Mama anaona mkwewe anayeyuka mbele ya macho yake, anafanya kile anachokijua kukuokoa, anakulisha. Kadiri unavyoficha ndivyo anavyozidi kukuwekea finyango, ndivyo unavyozidi kumeza kwa heshima na kwenda kutapika. Mpishi wa nyumba ndiye mtu wa kwanza aliyepaswa kujua hali ya tumbo lako, hata kabla ya shoga yako wa karibu.

Aseme mumeo, wewe ukiwepo. Ni mama yake, na yeye ndiye aliyetaka iwe siri, hivyo usiachiwe mzigo huo peke yako. Asiseme mbele ya wifi wala wageni. Wakae jioni, watoto wameshalala, aseme kwa maneno machache: "Mama, mke wangu alikuwa anaumwa presha na magoti, na daktari alimfanyia upasuaji wa mfuko wa chakula. Sasa hivi anaweza kula kidogo tu, akizidisha anatapika. Tulinyamaza kwa kuogopa, tunaomba utusamehe na utusaidie." Atauliza kuhusu ile semina ya Dodoma. Ataumia kwamba alidanganywa ndani ya nyumba anayolala. Mwacheni aumie, msijitetee sana. Akiuliza fedha, mumeo ajibu kwamba mnalipa mkopo wenyewe na mchango wa ada ya mdogo wake uko palepale, na ahakikishe kweli uko palepale. Mimi nimeona mama wakwe wengi wakikasirika siku mbili, siku ya tatu wakaanza kuuliza mgonjwa anakula nini.

Akifika hapo, mpe kazi. Mwombe akupikie ule mchuzi wa samaki, akutengee kwenye bakuli dogo kabla sinia halijatengwa. Mwonyeshe kipimo: mchukulie kisosa, mwambie "mama, hiki kikijaa nimeshiba kama wewe ulivyoshiba sinia." Mtu anayependa kulisha akishajua kipimo, yeye mwenyewe ndiye atakayewakatalia wageni wanaokusogezea nyama.

Watu wengine si lazima wajue. Ofisini na mtaani inatosha kusema: "Nina tatizo la tumbo, daktari amenielekeza nile kidogo kidogo." Ni kweli tupu, na haidaiwi maelezo. Na kuna wanaochanganya: wapo waliowekewa puto tumboni, huduma ambayo hata Muhimbili-Mloganzila inatolewa sambamba na upasuaji. Puto hutolewa baada ya muda na mfuko unabaki mzima. Wako umekatwa. Ushauri wa mwenye puto usiufuate hata kama naye amependeza.

Kuhusu maneno ya wifi, nasikitika, kwa ajili yako na kwa ajili ya wengi wanaosemwa hivyo. Mji huu bado mtu akikonda anahukumiwa, na neno ngoma linatamkwa kama tusi, wakati wapo maelfu wanaoishi na virusi, wanameza dawa zao, wana afya na wamenawiri kuliko wanaowasema. Usiende kupima ili umridhishe wifi, wala usimwonyeshe karatasi. Mama akishajua, yeye ndiye wa kumnyamazisha binti yake.

Harusini Mbagala, kula nyumbani kabla ya kutoka. Yai au mtindi, mlo wako kamili. Hapo utakaa kwenye shughuli ukiwa hudaiwi na tumbo. Kwenye sinia mkono wako unafuata mikono ya wenzako, na ndicho kinachokuponza, kwa hiyo omba sahani yako mapema kwa wanaopakua. Shughuli za siku hizi sahani zipo. Chukua mchuzi na kipande cha samaki au kuku laini, kaa karibu na mumeo, ule polepole ukiongea. Soda utakayopewa ishike mkononi, ukitoka mpe mtoto.

Hapo kwenye chipsi mayai za Sinza nimekaa kwa muda nikikufikiria. Usione aibu. Kwenye viti vile vya plastiki ndipo mlipokuwa mnaongea kama mke na mume, mbali na nyumba isiyo na siri, na sasa mmoja ameondolewa mezani. Hiyo ni huzuni ya kweli, na madaktari wachache hukuandaa kwa ajili yake. Itakuja jioni ukiwa huna njaa kabisa, ikikuambia kula. Mwambie mumeo inapokuja, uitaje kwa jina lake, badala ya kumtazama akila kimya. Na msiache kwenda. Mwombe mkaangaji akukaangie yai peke yake kwa mafuta machache, na kachumbari isiyo na pilipili nyingi ukishaanza kuivumilia mbichi. Chipsi ni zake. Yeye naye apunguze mwendo, amalize pamoja nawe. Mkimaliza kabla soga hazijaisha, tembeeni hadi Mwenge mkapande gari huko. Magoti sasa yanaruhusu.

Nywele kunyonyoka kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita hivi ni kawaida baada ya mwili kupungua kwa kasi, na huota tena protini na madini ya chuma yakitosha. Kwa hiyo vidonge vya vitamini ulivyoandikiwa si vya hiari, ni vya maisha. Cha madini ya chuma na cha kalsiamu visimezwe pamoja, viachane kama saa mbili, na chai ikae mbali na cha chuma. Kichwa au goti likiuma, usinunue diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa. Kwa tumbo lako zinaweza kuleta vidonda. Tumia paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa. Mimba isubiri mwaka hadi mwaka na nusu tangu upasuaji, na ujue kwamba wanawake wengi wakipungua uzito hushika kwa urahisi kuliko zamani, basi zungumza na kliniki ya uzazi wa mpango mapema.

Ramadhani hii, kwa hali unayoieleza, sikushauri ufunge. Huwezi kupata lita moja na nusu ya maji na protini ya siku nzima kati ya futari na daku kwa mrija ambao bado unatapika. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Kurani yenyewe, na siku hulipwa baadaye. Muulize daktari wako kama na lini utaweza, kisha upeleke jibu lake kwa shehe wako. Kukaa mezani wakati wa futari unaweza, na kijiko chako cha kunde utakula na wenzako.

Kliniki nenda wiki hii, mumeo aombe ruhusa akusindikize. Beba vidonge vyako vyote kwenye mfuko, pamoja na karatasi yenye siku ulizotapika na ulichokuwa umekula. Omba upimwe wingi wa damu, madini ya chuma, B12, vitamini D na kalsiamu, uwaulize kuhusu B1, na uonane na mtaalamu wa lishe siku hiyohiyo kama yupo. Ukigombezwa kwa kuchelewa, sema "nilikosea, sasa nimekuja," kisha uwaambie habari za kutapika bila kupunguza hata siku moja. Majibu yakitoka, niandikie wamesemaje kuhusu dawa za presha na kuhusu ule mrija, na kama mama ameshaambiwa.